Ng'ombe Ishirini na Wimbo wa Mke Wangu

Wiki hii nimesimamishwa njiani mara nne. Mara ya nne ilikuwa sokoni Igoma. Mama mmoja muuza nyanya alinishika shati akaniuliza, "Wewe si ndiye Mihayo wa gazetini? Hebu sema, ulipeleka wimbo gani?"

Nikamwambia anunue gazeti kama wenzake. Akaniita mshenzi mbele ya wateja wake. Ana haki yake, na mkimaliza kusoma leo mtamuunga mkono.

Kwa aliyechelewa: mimi ni mpiga gitaa na kiongozi wa bendi ya Kiseke Sauti Mpya, watu wanne na spika moja yenye kikohozi. Mke wangu Paskazia ndiye mwimbaji wetu. Niliwaachia pale mtangazaji Nathaniel, wa redio mpya ya mtu binafsi iliyofunguliwa hapa Mwanza miaka ile, aliponiambia nimletee kaseti. Wimbo mmoja tu kwa kila bendi. Ukipendwa utaitwa tena. Usipopendwa, foleni ni ndefu.

Tulikuwa na nyimbo mbili. Naziweka zote mbili mezani ili mnihukumu vizuri.

Wa kwanza ni "Njoo Jumapili". Paskazia aliutunga akiwa anafua, na akauimba mwenyewe. Unasema: usije na zawadi, njoo na nafasi, ukae nami mpaka chai ipoe. Dakika tatu na nusu. Wachuuzi wa dagaa pale mwaloni, ziwani, waliusikia mara moja tu tukifanya mazoezi, na kesho yake walikuwa wanauimba huku wanapima visado.

Wa pili ni "Ng'ombe Ishirini". Huo niliutunga mimi. Ni wa dakika tisa. Ndani yake nawataja ng'ombe wote ishirini wa mahari ya Paskazia, mmoja baada ya mwingine, jina, rangi na tabia. Kiitikio hakuna. Kuna mahali Ngosha, mpiga ngoma wetu, analia kama ng'ombe mwenye mimba.

Haya, nyie mngepeleka upi?

Hata Amirali alijua. Amirali ana duka la kaseti mjini, na sisi tulirekodi kwenye chumba chake cha nyuma, magodoro yakiwa yameegeshwa ukutani.

"Mihayo ndugu yangu," akasema, "huo wa shemeji nakutolea kopi elfu moja leo leo. Huu wa ng'ombe nimuuzie nani? Bwana mifugo?"

"Amirali, umezaliwa Mwanza hapa hapa, lakini ngoma huzijui."

"Basi nifundishe."

Nikamfundisha. Babu yangu alikuwa manju, kiongozi wa ngoma. Huku kwetu Usukumani, wakati wa mavuno, makundi mawili yanashindana siku kadhaa, hili upande huu, lile upande ule, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Manju mwenye akili hatoi wimbo wake mzuri siku ya kwanza. Akiutoa, wapinzani watautungia majibu na kesho watamwaibisha nao. Siku ya kwanza unatoa wimbo wa ajabu ajabu. Watu wanashangaa, wapinzani wanakosa pa kushika. Wimbo wenyewe unautoa siku ya mwisho.

Ngosha na Josephat wa gitaa la besi, wote watoto wa Kisukuma, wakakubali palepale.

"Hapo kiongozi umesema," Josephat akaniambia.

"Redio siyo uwanja wa ngoma," Amirali akasema. "Redio haina siku ya mwisho. Mtu akisikia ng'ombe mara moja, anahama stesheni."

"Wewe uza kaseti, Amirali."

Paskazia alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda. Aliuliza jambo moja tu.

"Wangu utakwenda lini, baba Selina?"

"Unafuata wako, mama Selina. Haki ya Mungu. Ng'ombe wanafungua njia, wewe unapita."

"Dakika tisa zote zile," akasema, "na mimi sijatajwa hata mara moja."

Sasa niwaambie ukweli, maana ndio mnaoununulia gazeti hili. Habari za babu ni za kweli, lakini siyo sababu. Sababu ni kwamba mwezi mmoja kabla tulipiga kwenye harusi moja Nyakato. Tulipomaliza, ukumbi mzima ulikwenda kumzunguka Paskazia. Bwana harusi akaja kwangu, akanipa mkono, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na wewe ndiye unayembebea vyombo?"

Nilicheka. Nilipofika nyumbani nikashindwa kula.

Nilimwonea wivu mke wangu. Siwafichi. Wivu ule wa kuuma tumbo, ambao mwanaume anaona bora aseme ana malaria. Niliona kabisa: redio inapiga "Njoo Jumapili", Dar wanamwita, na mimi nabaki kuwa mume wa Paskazia mpaka nazikwa. Kwa hiyo nikachukua ujanja wa babu, marehemu wa watu, nikafunikia wivu wangu.

Ijumaa nikapeleka ng'ombe.

Jumatatu saa saba mchana Nathaniel akaupiga. Tulikuwa tumekusanyika kwa fundi baiskeli pale Igoma, mwenye redio kubwa. Kufika ng'ombe wa tano, watu wawili waliaga. Kufika wa tisa, fundi aliweka spana chini.

"Wamebaki wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Mungu wangu," akasema fundi.

Ngosha alipolia kama ng'ombe, Josephat aliondoka bila hata kuchukua baiskeli yake iliyokuwa inazibwa pancha. Paskazia peke yake alisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani. Nilijua nimeiua bendi, tena kwa mikono yangu.

Alhamisi Nathaniel akaniita haraka. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kuchukua barua ya kufukuzwa kazi. Juu ya meza yake kulikuwa na gunia. Gunia kweli, la pamba, limejaa barua na kadi za salamu.

"Kaka," akasema, "umewafanyia nini hawa watu?"

Barua zilitoka Misungwi, Magu, Sengerema, Geita. Mmoja aliandika, "Rudieni ng'ombe wa nne, mke wangu ananibishia." Mwingine aliandika kwamba ng'ombe mwenye rangi ile hawezi kuwa mpole, kwa hiyo mwimbaji ni mwongo, lakini apigwe tena. Mzee mmoja wa Ngudu alituma orodha ya ng'ombe wake thelathini na mmoja, na picha yake, akiomba na wao waimbwe.

Basi ukawa unapigwa mara tatu kwa siku. Mabibi shambani waliacha majembe. Watoto wa Igoma wakaanza kuniita Baba Ng'ombe. Amirali alinipigia saluti mbele ya duka lake.

"Nimekosea," akasema. "Bado sielewi, lakini nimekosea."

Na mimi kichwa kikavimba. Nikanunua kofia. Nikaanza kutembea polepole ili watu wapate nafasi ya kunitambua. Nyumbani nikamwambia Paskazia, "Unaona? Hiyo ndiyo akili ya ngoma."

"Hongera," akasema. Alikuwa anachambua mchele. Walio kwenye ndoa wanaijua hongera ya namna ile.

Kisha akanyanyua uso. "Sasa peleka wangu."

"Kesho asubuhi."

Kesho asubuhi nilikwenda, kaseti yake ikiwa kwenye mfuko wa koti. Nathaniel alinipokea mlangoni.

"Watu wanataka wimbo mwingine. Nasikia kuna mwanamke hapo kwenu ana wimbo balaa. Uko wapi?"

Wasomaji, mkono wangu ulikuwa umeishika ile kaseti. Nilikuwa nagusa kona yake kwa kidole. Ndipo nikausikia mdomo wangu unasema, "Ulikuwepo, bwana. Deki imeila kaseti. Lakini nina 'Ng'ombe Ishirini, Sehemu ya Pili'. Hii ni ya ndama wao."

"Ndama!" Nathaniel akapiga makofi. "Kaka, wewe siyo mtu wa kawaida!"

Nyumbani nikamwambia mama Selina wimbo wake uko kwenye foleni, utapigwa wiki ijayo. Akasema sawa, akaniwekea maji ya kuoga. Aliniamini. Hapo roho iliniuma, lakini nakiri haikuniuma vya kutosha.

Jumamosi, jua limeshapanda, sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakaja.

Walikuwa saba, na baiskeli zao na filimbi shingoni, na fimbo mnazozijua. Kamanda wao alinitazama kuanzia kofia mpaka ndara.

"Wewe ndiye wa ng'ombe?"

Nikadhani wana sherehe. "Ndiye mimi. Bei ya bendi inazungumzika," nikasema.

"Panda baiskeli."

Walinipeleka moja kwa moja Kiseke, kwa baba mkwe wangu, Mzee Yakobo. Watu walikuwa wamejaa uani. Paskazia alikuwa ameshaitwa, amekaa na mama yake. Nathaniel naye alikuwepo, redio kaseti mapajani, anatoka jasho. Karibu naye alikaa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, ambaye sikumjua.

"Huyu ni Mzee Kashindye wa Misungwi," kamanda akasema. "Ana shida na wimbo wako."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imba wa kumi na saba."

"Samahani?"

"Nimetoka kwangu tangu alfajiri. Mwimbe wa kumi na saba."

Nikamgeukia Nathaniel. Nathaniel akabonyeza kaseti, na mimi wa kwenye redio, ambaye hakuwa na habari, akaimba kwa raha zake: wa kumi na saba Bibi Mapato, sikio la kushoto limechanika, ubavuni ana baka kama jembe, pembe moja yatazama Misungwi, nyingine yatazama Ukerewe.

"Zima," Mzee Kashindye akasema. "Sikio alichanwa na mbwa wa jirani yangu akiwa ndama. Jembe hilo ubavuni alizaliwa nalo. Na pembe inatazama Misungwi kwa sababu ndiko kwao! Aliibwa zizini kwangu miaka sita iliyopita. Nimemtafuta Kwimba, nimemtafuta Shinyanga mpaka viatu vimeisha. Kumbe anaimbwa!"

Bibi Mapato mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye nguzo, anacheua. Alikuwa na kila kitu nilichokiimba.

Kamanda akaniuliza nilimpata wapi. Nikasema kweli. Wakati wa kuoa mahari ilipungua ng'ombe mmoja, baba yangu mdogo Chenge akamleta huyu kutoka mnadani, akasema kamnunua kwa mtu mwenye haraka.

"Chenge yuko wapi?"

"Leo asubuhi alisikia filimbi zenu, akakumbuka ana shughuli Tabora."

Kamanda akanong'onezana na wenzake. Kisha akasema, "Huyu hana hatia ya wizi. Mwizi hawezi kuimba alichoiba, tena kwenye redio." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikapumua. "Ndama waliozaliwa hapa ni jasho la Mzee Yakobo, wabaki. Ng'ombe mwenyewe arudi Misungwi."

Nilikuwa nishaanza kutafuta kofia yangu, ndipo Mzee Yakobo akasimama. Baba mkwe wangu ni mtu wa maneno machache, na karibu yote huwa yananihusu mimi.

"Binti yangu nilimtoa kwa ng'ombe ishirini," akasema. "Sasa ni kumi na tisa. Paskazia, kalete nguo zako. Mwenzio akitimiza, atakuja kukuchukua."

Sikuwa na ng'ombe. Sikuwa na mbuzi. Nilikuwa na gitaa na kofia mpya. Nilimtazama mke wangu na nikaona maisha yangu bila yeye, nyumba haina sauti, na nikajua sitaweza. Nilimpenda pale kuliko siku ya harusi yetu, tena kwa woga.

Paskazia akaja mbele ya baba yake, akapiga magoti.

"Baba, mimi nimezoea kwangu. Siyo wa kwenda na kurudi kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Huyu bwana ana kelele, ana majivuno, na siku hizi ana kofia. Lakini tangu anioe hajawahi kunidanganya. Naomba mniache na mume wangu, ng'ombe tutamtafuta pamoja."

Nilitazama chini. Kulikuwa na sisimizi, nikawatazama hao.

Mzee Kashindye alivua kofia yake ya sufu, akajifuta nayo macho.

"Marehemu mke wangu angekuwa hai," akasema, "kwa hili angenipiga mwiko. Haya, mnisikie wote. Nimesamehe. Ng'ombe abaki kwa Yakobo, mahari ni ishirini, mama akae na mumewe. Ila wewe kijana, uniimbe. Useme ng'ombe huyu alitoka kwa Kashindye wa Misungwi."

"Nakuimba mzee! Nakuimba dakika tatu nzima!"

Vigelegele vikapigwa. Mama mkwe akatoa togwa. Mzee Yakobo akanipa mkono, jambo ambalo halijatokea tangu mwaka themanini na tisa. Paskazia alinitazama, akatabasamu, na mimi nikaapa moyoni kwamba Jumatatu asubuhi, saa mbili kamili, kaseti yake itakuwa juu ya meza ya Nathaniel.

Mtu mwenye akili angemshika mke wake mkono akaondoka. Lakini mimi niliona watu wengi, wana furaha, na wote wananitazama. Nikashindwa kujizuia.

"Nathaniel," nikasema, "hebu waambie wazee wangu mambo ya redioni!"

Nathaniel akasimama, akarekebisha kola, akatoa ile sauti yake ya kazini.

"Mzee Kashindye, ondoa shaka! Utatajwa wiki ijayo, kwenye 'Ng'ombe Ishirini, Sehemu ya Pili'! Ndama!"

Watu wakashangilia. Paskazia akaweka kikombe cha togwa chini.

"Wiki ijayo si ni wangu?"

"Wako upi, shemeji?"

"'Njoo Jumapili'. Si uko kwenye foleni?"

"Aa, ule!" Nathaniel akashika kifua. Maskini, alikuwa na huruma ya kweli. "Pole sana shemeji. Kaka aliniambia deki imeila kaseti. Niliumia sana, maana nilikuwa nimeshautengea nafasi."

Kamanda wa sungusungu, aliyekuwa anakunywa, aliacha kunywa.

"Mihayo," Paskazia akasema.

Hajawahi kuniita jina langu mbele ya baba yake. Siku zote ni baba Selina.

"Kaseti yangu iko wapi?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa koti, siku ya tatu ile. Nilishindwa kuipeleka na nilishindwa kuitupa. Nikaitoa. Ilikuwa nzima kabisa, na jina la wimbo ameliandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mwekundu.

"Kwa nini?" akauliza.

Ningeweza kuanza habari za babu. Nusu ya watu pale wangenielewa, wangeniunga mkono hata. Lakini alikuwa ametoka kupiga magoti kwa ajili yangu dakika chache tu zilizopita, na vumbi bado lilikuwa kwenye kanga yake.

"Niliogopa wataupenda," nikasema.

Hakulia, wala hakunitukana. Nilitamani anitukane. Aliichukua kaseti, akaenda kumpa Nathaniel, na Nathaniel akaipokea kwa mikono miwili. Kisha Paskazia akapita katikati ya watu mpaka kwenye nguzo. Akafungua kamba ya Bibi Mapato, akamkokota taratibu mpaka mbele ya Mzee Kashindye, akamwekea kamba mkononi.

"Mzee, chukua ng'ombe wako."

"Binti yangu," mzee akasema, "si nimeshasamehe?"

"Wewe umesamehe. Mimi bado. Mchukue."

Mzee Kashindye akaitazama kamba, akanitazama mimi, akamtazama kamanda. Kamanda akawa anafunga vizuri kamba ya filimbi yake.

Paskazia akamgeukia baba yake, akapiga magoti kwa mara ya pili siku ile.

"Baba," akasema, "mahari imepungua mmoja. Nimerudi nyumbani."